Uzito Ulioandikwa na Uzito Uliopo: Namna ya Kusoma Vipimo vya Mashua ya Matanga ya Safari

Mheshimiwa Mwenyekiti, manahodha, mabaharia, na ninyi nyote mnaojiandaa kununua mashua ya matanga ya kusafiria masafa marefu, nashukuru kwa nafasi hii. Nimetakiwa nieleze namna ya kusoma karatasi ya vipimo, yaani ile karatasi ambayo mjenzi au muuzaji humkabidhi mnunuzi, yenye urefu, upana, kina, uzito, eneo la matanga na, siku hizi, orodha ya uwiano uliokwisha kukokotolewa. Nitatamka msimamo wangu tangu mwanzo ili mnipime kwa huo: tarakimu ya uzito ndiyo inayobeba karibu hesabu zote nyingine za karatasi hiyo, na ndiyo hiyo hiyo inayoandikwa mara nyingi kwa hali ambayo chombo hakitakuwa nayo hata siku moja kikiwa safarini. Mnunuzi anayeipokea bila kuuliza chombo kilipimwa kikiwa na nini ndani yake amekwisha kuzipokea hesabu zote zilizobaki bila kuzichunguza.

Tuchukue chombo kimoja cha mfano, ambacho tutakuwa nacho mpaka mwisho wa mazungumzo haya. Ni mashua ya bodi moja, yenye urefu wa jumla wa mita 12, urefu wa mstari wa maji wa mita 10.5, upana wa mita 3.8, kina cha mita 2 ndani ya maji, uzito wa kilo 8,000, farumi (uzito wa kukituliza chombo) ya kilo 2,800 iliyofungwa kwenye mkuku (uti wa chini wa chombo), na matanga ya mita za mraba 76. Hakuna kipimo hata kimoja hapo cha kumshangaza mtu anayezifahamu mashua za safari za siku hizi.

Tuanze na urefu, kwa kuwa ndio unaotajwa kwanza kila mahali. Urefu wa jumla hutumika kulipia maegesho na kuamua kama chombo kitaingia kwenye nafasi kilichopewa, na hata hapo ni lazima kuuliza kama dasturi (mti unaochomoza mbele) na ngazi ya tezi (sehemu ya nyuma) zimehesabiwa, maana kiwango cha kimataifa cha ISO 8666 kinatenganisha urefu wa bodi yenyewe na urefu wa juu kabisa wenye kila kilichochomoza. Kwa mwendo, urefu wenye maana ni ule wa mstari wa maji. Chombo kinachosukuma maji hujifanyia wimbi lake chenyewe, na kadiri kinavyoongeza kasi ndivyo wimbi hilo linavyorefuka, mpaka kilele kimoja kinapokaa omoni, yaani mbele, na cha pili tezini, chombo kikiwa kimelala katika bonde lililo kati yake. Mhandisi wa Uingereza William Froude alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1860 na 1870 kwa kukokota vielelezo vidogo majini, na kutokana na elimu ya aina hiyo tunayo kanuni iliyozoeleka: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa mstari wa maji kwa mita, kizidishe kwa 2.43, utapata kasi ya bodi kwa noti, yaani maili za bahari kwa saa. Kwa mashua yetu jibu ni noti 7.9.

Naomba kasi hiyo isichukuliwe kuwa ni ukuta. Ni mahali ambapo ukinzani wa maji huanza kupanda kwa ukali, hivyo kwamba nguvu nyingi ya ziada huleta kasi ndogo sana ya ziada. Chombo chepesi chenye tezi pana kinaweza kuupita mpaka huo kikishuka na mawimbi, na chombo kizito kitakaa chini yake karibu wakati wote. Wala isichukuliwe kuwa ni wastani wa safari. Kwa noti 7.9 mfululizo, siku nzima ingetoa maili 190, na kuna watu hupanga safari za kuvuka bahari kwa hesabu hiyo, wakakadiria chakula na maji kwa siku chache mno. Nahodha makini wa mashua ya kiasi hiki hupanga kwa noti 5 hadi 6, yaani maili 120 hadi 144 kwa siku, kwa sababu upepo hulegea, bahari huchafuka, na watu walio wachache usiku hupunguza tanga mapema ili walale.

Sasa tuufikie uzito. Chombo kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawasawa na uzito wake, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina takriban kilo 1,025, mashua yetu ya kilo 8,000 inachukua nafasi ya mita za ujazo 7.8 ndani ya maji. Hiyo 7.8 ndiyo inayoingia katika kanuni zote zinazofuata. Lakini kilo 8,000 ni za chombo gani? Kwa kawaida ni za chombo kitupu, kikiwa na mkuku, mlingoti, injini na vifaa vya msingi, huku matangi yakiwa makavu na makabati hayana kitu. Tukipakie sasa kama watu wanavyopakia kweli. Maji ya kunywa lita 400 ni kilo 400. Dizeli lita 200 ni kama kilo 170. Watu wanne pamoja ni kilo 300 na zaidi. Mnyororo wa nanga wenye unene wa milimita 10 una zaidi kidogo ya kilo 2 kwa kila mita, kwa hiyo mita 80 zake zinakaribia kilo 180, nazo hukaa omoni, mahali pabaya kuliko pote pa kuweka uzito. Ongeza nanga ya pili, kihori na mashine yake, chelezo cha kuokolea maisha, betri, paneli za umeme wa jua pamoja na fremu yake ya chuma juu ya tezi, vipuri, zana, kamba, matanga ya akiba, chakula cha wiki kadhaa, vyombo vya jikoni, nguo na vitabu. Kufikisha kilo 2,000 hakuhitaji ubadhirifu wowote, na chombo chetu sasa kina kilo 10,000.

Uzito huo huonekana kwa macho. Eneo la chombo pale kinapokatwa na uso wa maji, kwa mashua kama hii, ni kama mita za mraba 24, kwa hiyo kila sentimita moja ya kuzama huhitaji takriban kilo 246. Kilo 2,000 huizamisha mashua sentimita 8, na mstari wa rangi uliopakwa na mjenzi unapotea majini. Kina cha mita 2 kilichoandikwa sasa ni mita 2 na sentimita 8. Mwenye kupita juu ya mwamba kwa kutegemea karatasi anapaswa kuzijua sentimita hizo.

Tuone uzito unavyoigeuza hesabu inayopendwa kuliko zote, yaani uwiano wa matanga na uzito. Hupatikana kwa kuchukua eneo la matanga kwa mita za mraba na kuligawa kwa ujazo wa maji yaliyosukumwa ulioinuliwa kwa kipeo cha theluthi mbili, ili eneo ligawanywe kwa kitu chenye asili ya eneo na jibu lisitegemee futi wala mita. Kwa kawaida, chombo kizito cha safari au kile kinachotegemea injini zaidi huangukia kati ya 14 na 16, mashua nyingi za safari huwa kati ya 16 na 18, na zinazosifiwa kwa wepesi hufika 18 hadi 20 au kupita hapo. Mashua yetu tupu inapata 19.3, na muuzaji ana haki ya kuiita nyepesi. Ikiwa imepakiwa inapata 16.6. Tanga ni lile lile, mlingoti ni ule ule, lakini siku ya upepo hafifu nahodha wake atawasha injini saa ambazo alitarajia kusafiri kwa matanga.

Na eneo la matanga nalo lina mtego wake. Kipimo kinachofaa kwa kulinganisha ni tanga kuu pamoja na pembetatu ya mbele, iliyo kati ya mlingoti, sitaha na waya wa omo, bila kuhesabu kipande cha tanga kinachopita nyuma ya mlingoti. Tuseme mita 76 zetu ni 40 za tanga kuu na 36 za pembetatu hiyo. Mtangazaji akihesabu tanga kubwa la mbele lenye asilimia 135 ya pembetatu, jumla inakuwa mita 88.6, na kwa uzito mtupu uwiano unaruka hadi 22.5, ambao ni wa mashua ya mashindano. Kwa hiyo chombo kimoja kinaweza kutambulishwa kwa 22.5 au kwa 16.6 bila mtu yeyote kuandika tarakimu ya uongo. Nalitaja jambo hili kwa uzito kwa sababu watu huweka akiba ya miaka mingi katika ununuzi huu, na wanastahili kulinganisha vyombo viwili kwa kipimo kimoja.

Uwiano wa pili ni ule wa uzito na urefu wa maji, ambao kwa mazoea hukokotolewa kwa vipimo vya Kiingereza: tani za ratili 2,240, zikigawanywa kwa mchemraba wa asilimia moja ya urefu wa mstari wa maji kwa futi. Chini ya 200 chombo huitwa chepesi, kati ya 200 na 300 ni cha wastani, na kuzidi 300 ni kizito. Yetu ina 193 ikiwa tupu na 241 ikiwa na shehena, ingawa kuzama kidogo hurefusha mstari wa maji na kupunguza tofauti hiyo kwa kiasi. Somo lililo muhimu zaidi hapa linahusu uchaguzi wenyewe. Watu wanne hunywa maji yale yale wawe katika chombo chepesi au kizito. Kilo 2,000 ni robo ya uzito wa mashua yetu, lakini kwa mashua ya kilo 14,000 ni asilimia 14 tu. Chombo chepesi kinachosifiwa kwa kasi ndicho kinachoumizwa zaidi na shehena, na mwenye kukichagua kwa ajili ya kasi anapaswa kukubali nidhamu ya kuishi na vitu vichache.

Nakuja kwenye usalama, na hapa naomba subira yenu. Mwezi Agosti mwaka 1979 dhoruba iliyakumba mashindano ya Fastnet, yanayoanzia Uingereza na kuzunguka mwamba wa Fastnet kusini mwa Ireland. Vyombo 303 vilianza, 86 vilimaliza, 24 viliachwa na mabaharia wake, na washindani 15 walikufa. Uchunguzi uliofuata pande zote mbili za Atlantiki ulizaa, pamoja na mengine, kanuni fupi ya kuchuja vyombo vinavyoelekea kupinduka: gawa upana kwa kipeuo cha tatu cha ujazo wa maji yaliyosukumwa, na jibu likizidi 2 chombo kitiliwe shaka kwa safari za bahari kuu. Hoja iliyo nyuma yake ni nzuri. Chombo kipana na chepesi hunyanyuliwa kwa urahisi na wimbi linalovunjika ubavuni, na kikishapinduka, upana ule ule uliokifanya kitulie kikiwa wima hukifanya kitulie kikiwa juu chini.

Mashua yetu tupu inapata 1.92, nayo inapita chujio kwa shida. Ikipakiwa inapata 1.78, na kwa mujibu wa kanuni imekuwa salama zaidi. Lakini angalieni tulichokipakia: fremu ya chuma na paneli juu ya tezi, kihori kilichoning'inizwa, madumu ya dizeli yaliyofungwa sitahani, chelezo juu ya paa. Kila kimoja kimekipandisha kitovu cha uzito, na chombo chenye kitovu kilichopanda hakirudi wima kwa nguvu ile ile kinapolala. Kanuni inajua uzito ni kiasi gani na haijui uko wapi, kwa hiyo hutoa alama ile ile kwa mtu aliyeweka kilo 500 ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo, na kwa aliyeziweka juu ya kichwa chake. Sijui kasoro nyingine katika somo hili inayostahili kurudiwa kwa sauti kubwa kuliko hiyo. Vivyo hivyo asilimia ya farumi: ya kwetu ni 35 ikiwa tupu na 28 ikiwa imepakiwa, lakini haisemi kama farumi hiyo iko katika tungi mwishoni mwa mkuku mrefu au imetandazwa karibu na bodi, na tofauti ya nafasi hizo mbili ni kubwa kuliko tofauti ya asilimia.

Msanifu wa mashua Ted Brewer alitunga kipimo kingine cha kukadiria jinsi chombo kitakavyowarusha watu baharini, kwa kugawa uzito kwa urefu na upana uliopewa kipeo cha 1.33, na jibu la 20 hadi 30 huchukuliwa kuwa la mashua ya pwani, la 30 hadi 40 la mashua ya wastani ya bahari kuu. Yetu inatoka 26 hadi 33 baada ya kupakiwa. Nakikubali kwa kulinganisha vyombo vinavyofanana kwa umbo na ukubwa, na si zaidi ya hapo.

Kinachojibu swali la usalama kwa ukweli zaidi ni mchoro wa uthabiti, ambao huonyesha kwa kila nyuzi ya kulala ni nguvu kiasi gani inayokirudisha chombo wima, na ni kwa nyuzi ngapi nguvu hiyo inakwisha na chombo kuendelea kugeuka chenyewe. Kiwango cha ISO 12217-2 kinautumia mchoro huo pamoja na vigezo vingine kupata alama moja, na kwa daraja A, lililokusudiwa upepo unaozidi nguvu ya 8 katika kipimo cha Beaufort na mawimbi yanayozidi mita 4, alama hiyo haitakiwi kupungua 32. Kwa daraja B ni 23. Ulizeni nyuzi ambazo uthabiti unaishia, na ulizeni mchoro ulikokotolewa kwa uzito upi. Muuzaji asiye na mchoro anaweza kuuomba kwa mjenzi. Mjue pia kwamba majaribio ya vielelezo katika matangi ya maji yalionyesha kuwa wimbi linalovunjika lenye kimo cha karibu asilimia 30 ya urefu wa chombo linaweza kukipindua likikipiga ubavuni, ambayo kwa mashua ya mita 12 ni mita 3.6, na kwamba mlingoti, pamoja na uzito wake wa juu, husaidia kuchelewesha mpinduko kwa kuwa ni kitu kizito kinachokataa kuzungushwa ghafla. Chombo kilichopoteza mlingoti kiko hatarini zaidi kupinduka mara ya pili.

Kuhusu kubisha, yaani kusafiri kuelekea upepo unakotoka, karatasi nyingi hazisemi chochote, na pale zinaposema hutoa mchoro wa kasi uliotengenezwa na programu ya kompyuta, kwa maji tulivu, matanga mapya, bodi safi na, kwa mara nyingine, chombo kitupu. Kipimo cha kutazama humo ni kasi ya kuelekea kule upepo unakotoka. Mashua inayokwenda noti 5.2 kwa nyuzi 45 na upepo inasogea noti 3.7 kuelekea joshi. Ikiachiwa hadi nyuzi 50 na kupata noti 6, inasogea karibu 3.9, na watu ndani yake wanapumzika zaidi. Mashua ya safari iliyosheheni mara nyingi hunufaika kwa kuachiwa kidogo namna hiyo. Mkuku mrefu kwenda chini husaidia kuzuia chombo kisisukumwe upande, lakini hufunga milango ya bandari nyingi zenye maji haba, na hapo kila mtu atachagua kwa kadiri ya pwani anazotaka kuzitembelea. Injini na ukubwa wa matangi sina mengi ya kuvisemea, isipokuwa kwamba tangi kubwa ni faida mpaka siku linapojazwa.

Mtakapokwenda kutazama chombo, basi, nawasihi mfanye mambo haya. Ulizeni kwa maandishi uzito ulioandikwa ni wa hali gani, kwa maana kiwango cha kimataifa kinatofautisha chombo kitupu na chombo kilichopakiwa, na mjenzi mwaminifu anazo tarakimu zote mbili. Orodhesheni shehena yenu wenyewe kwa kilo, pamoja na mahali kila kitu kitakapokaa na kimo chake kutoka mstari wa maji, kisha mkokotoe upya kila uwiano kwa uzito huo, mkitumia pembetatu ya mbele peke yake kwa vyombo vyote mnavyovilinganisha. Kama chombo kimekwisha kutumika, kitazameni kikiwa kimeegeshwa, mwone mstari wa rangi uko wapi omoni na tezini, kwa sababu chombo kilichozama tezi kuliko omo kinawaonyesha mwenye nacho alipanga vitu wapi. Na siku kitakapoinuliwa kwa kreni kwa ukaguzi, ombeni mwendeshaji awasomee mizani ya kreni wakati mikanda imekaza na mkuku umekwisha kutoka majini, muandike tarakimu hiyo pamoja na kiasi cha maji na mafuta kilichokuwa matangini saa ile.